Mtungi wa Maziwa, Bia ya Laga: Nimeuona, Nimeupenda

Jamani, kama unajipikia bia nyumbani hapa Nyeri na bado unahangaika na jerikeni, simama kwanza! Kuna mtungi wa stenlesi wa lita 30, ule ule ambao wafugaji hupelekea maziwa kwenye chama cha ushirika, na kwa laga sijaona chombo cha kuushinda. Bado sijaumiminia kimea. Nimeujaza maji, nimeupindua, nimeusugua, nimeulaza, na tayari moyo umekwisha kutekwa.

Mdomo kwanza! Mkono unaingia wote hadi vidole vinagusa kitako. Jerikeni haikupi nafasi hiyo. Mdomo wake mwembamba unakulazimisha kutikisa maji ya moto na kuomba Mungu, huku uchafu umejificha kwenye mikwaruzo ya plastiki na harufu ya bia ya mwezi jana haitoki. Kwenye mtungi huu nilipitisha kidole polepole penye kiungo cha kuchomelea, pale bega linapokutana na tumbo. Laini kabisa! Penye kiungo chenye vinundu ndipo bakteria hukaa, kwa hiyo usilipe kabla kidole chako hakijapita hapo. Nenda pia na sumaku: stenlesi nzuri ya daraja la 304 haishikwi, au hushikwa kwa shida. Mitungi ya alumini iachie maziwa, maana dawa nyingi za kusafishia huila. Na stenlesi nayo usiioshe kwa klorini, itatoboka vitundu vitundu.

Mfuniko una raba na vibano, unafunga kweli kweli, na hapo ndipo pa kuogopa. Kilo mbili za sukari zikichachuka zote hutoa zaidi ya lita 400 za gesi. Ukibana mfuniko bila tundu umetengeneza bomu. Fundi wa jua kali atakutobolea tundu moja, utie raba, upitishe mrija, na ncha yake uizamishe kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Kazi ya dakika chache!

Sasa baridi, utamu wenyewe wa kuishi huku. Muratina ya wazee ilichachushwa kwenye vibuyu kando ya moto, kwa asali na tunda lililokaushwa la mvungunya, kwa sababu hamira yake inataka joto. Laga inataka kinyume chake. Hamira yake, ambayo Emil Christian Hansen aliitenga katika maabara ya Carlsberg mwaka 1883, hufanya kazi safi kati ya nyuzi 9 na 13. Julai ya Nyeri, ukungu ukiwa umelala hadi saa nne asubuhi, usiku unakupa karibu kiasi hicho bure. Nanyuki ni baridi zaidi, Nyahururu usiseme! Ndugu zetu wa Mombasa baridi hiyo wanailipia umeme.

Ila chuma chembamba hupokea kila kitu: baridi ya usiku na jua la saa nane mchana pia. Hamira nayo hutoa joto lake ikianza kazi. Usimamishe mtungi ndani ya beseni la maji, uufunike gunia lililoloa, uuweke kwenye chumba kisichopigwa na jua. Baadaye, bia ikishatulia, itahitaji wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri, na hilo ni friji tu. Basi pima urefu wa mtungi na friji yako kabla ya kununua.

Kasoro? Huoni povu likipanda, na hauna bomba la kutolea, hivyo utanyonya bia kwa mrija kutoka juu ukiacha mashapo chini. Usiujaze pia: lita 23 au 24 zinatosha, povu nalo linataka nafasi. Bei yake inaizidi jerikeni mara nyingi, lakini hautapasuka kama chupa kubwa ya kioo. Ukianza kuota kuuza, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inadai leseni.

Kama una pesa za chombo kimoja tu mwaka huu, nunua huu, na uununue kabla ya Juni.