Mauti Amefika, Kesi Haijasikizwa

Hakimu ameketi, fimbo ya cheo mkononi, amemwelekea tajiri. Tajiri anapapasa mfuko wake wa pesa, kitu kidogo kiko njiani. Kando amesimama maskini, hana la kutoa. Nyuma ya hakimu kuna mifupa mitupu: Mauti, anampokonya ile fimbo.

Picha yenyewe ni ndogo, urefu wake haufiki sentimita 7. Hans Holbein aliichora Basel miaka ya 1520, Hans Lützelburger akaichonga kwenye ubao mstari kwa mstari, na ikachapwa Lyon mwaka 1538 pamoja na nyingine 40. Lützelburger alikuwa ameshafariki. Mfululizo huo huitwa Ngoma ya Mauti, ingawa kusema kweli wanaocheza humo ni wachache.

Husemwa kwamba somo lake ni moja: papa na mkulima, wote watakufa. Mimi sikubali. Mauti wa Holbein ana upendeleo. Bahili anachotewa pesa zake mezani huku akipiga mayowe. Diwani anayempa mgongo maskini ana shetani begani, anampulizia sikioni kwa mvukuto. Papa mwenyewe, kaisari akimbusu mguu, amezungukwa na mashetani. Lakini kwa mkulima mzee, Mauti anakimbia kando ya farasi, anawaswaga, anamsaidia kumaliza kulima. Kule mbali kuna kanisa na jua linatua. Karibu umwonee wivu.

Ila kuna mawili yananisumbua. Kwanza, mtoto. Kwenye kibanda kibovu, mama akiwa jikoni, Mauti anamshika mtoto mkono na kumtoa nje. Huyu naye amekosa nini? Hasira yote ya Holbein dhidi ya wenye vyeo haina pa kuegemea hapa, na pengine ndiyo maana picha hii inauma kuliko zote.

Pili, namrudia hakimu. Tunafurahi, eti amepatikana. Sasa hebu mtazame yule maskini. Mauti amekuja kwa ajili ya hakimu, si kwa ajili ya kesi. Kesho mwingine atakikalia kile kiti, na tajiri bado ana mfuko wake. Nimeitazama picha hii mara nyingi nikitafuta mtu mmoja aliyemgeukia maskini. Sijamwona.