Karatasi Chini ya Sindano

Ukiutazama mfarishi wa viraka wenye nyota ya dira, ile ya miale 32 inayotawanyika kutoka kitovuni kama kwenye ramani za zamani za mabaharia, ni vigumu kuamini kwamba miale yote hiyo imeungwa kwa mishono iliyonyooka. Duara linaloizunguka limepinda, ndiyo. Lakini ndani yake kila mwale umekutana na mwenzake kwa mstari wa moja kwa moja, ule ule anaofundishwa mwanafunzi wa cherehani wiki yake ya kwanza. Washonaji wa Uingereza na Marekani wameishona nyota hii vizazi kwa vizazi: viraka juu, pamba katikati, bitana chini, kisha tabaka zote tatu zikashonwa pamoja. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani inataka kipaji cha kuzaliwa nacho. Inachotaka ni karatasi, na mtu aliye tayari kuitii.

Sababu iko kwenye kitambaa chenyewe. Aliyewahi kukata sketi ya mshazari anajua jinsi pamba inavyovutika ikikatwa kinyume cha nyuzi zake, na mwale mwembamba wa dira hauna namna ya kukwepa mshazari. Upande wake mmoja au mwingine lazima utapita humo. Mwale mmoja ukivutika kwa unene wa uzi hakuna atakayeona. Ikivutika yote 32, duara halilali tena. Linavimba katikati au linajikunja kingoni, na pasi hailiponyi. Karatasi haivutiki. Ndiyo maana umbo huchorwa kwanza kwenye karatasi nyepesi, kila sehemu ikapewa namba, na cherehani ikapita juu ya karatasi na kitambaa kwa pamoja, ikifuata mstari uliochorwa. Usahihi wote umeshawekwa kwenye karatasi kabla mkono haujagusa kitambaa.

Tazama unavyoshonwa mshono mmoja. Kipande cha kwanza kinawekwa nyuma ya karatasi, upande usio na mistari, uso wake ukitazama nje. Unakimulika kwenye taa kuhakikisha kimefunika eneo la namba moja na kuzidi robo inchi kila upande. Kipande cha pili kinalazwa juu ya cha kwanza, uso kwa uso, kisha unageuza kila kitu: sasa mistari iko juu na vitambaa viko chini, havionekani. Unashona kwenye mstari unaotenganisha moja na mbili, ukianza mishono miwili mitatu kabla ya mstari wenyewe na kuupita kidogo mwishoni. Unakunja karatasi nyuma kwenye mstari huo huo, unapunguza ziada ibaki robo inchi, unakifungua kipande cha pili na kukipiga pasi. Hapo ndipo unapoiona kazi yako. Ukingo umenyooka kuliko ambavyo mkasi wowote ungeweza kuukata, na ncha imeishia pale hasa ilipoambiwa iishie.

Kushona bila kuona unachokishona ndiko kunakomsumbua mgeni kuliko uzito wa ruwaza. Aliyezoea gauni na suruali anaongozwa na macho yake. Hapa macho yanasoma mistari, na kitambaa kinafuata gizani. Kisha kuna suala la kushoto na kulia. Karatasi inasomwa upande wa nyuma wa kazi, kwa hiyo kinachoelemea kulia kwenye mchoro kitaelemea kushoto kwenye mfarishi. Kwa nyota haidhuru, maana nyota haina kushoto wala kulia. Kwa ndege anayeruka, au kwa herufi za jina, inabadilisha kila kitu, na wabunifu makini huchora maumbo hayo yakiwa yamegeuzwa tangu mwanzo.

Ubahili wa kitambaa nao hauna nafasi hapa. Sisi tuliolelewa kuheshimu kila kipisi kinachoanguka chini ya meza ya fundi tunapata shida kukata kipande kikubwa kuliko sehemu kinayokwenda kufunika, lakini kipande kinachoshonwa huku kimefichika kinapofunguliwa hulala kwa pembe usiyoitarajia, na kona iliyopungua nusu inchi haina dawa ila kufumua. Kufumua kwenyewe ni adhabu, kwa kuwa mishono ya kazi hii hufanywa midogo kwa makusudi, kiasi cha milimita moja na nusu, ili itoboe karatasi mfululizo na kuifanya ichanike kirahisi mwishoni. Mishono inayorahisisha kuchana karatasi ndiyo hiyo hiyo inayouweka wembe kazini muda mrefu ukikosea. Nauona mpango huu kuwa wa haki kabisa.

Kinachonivutia kuliko vyote ni zile namba. Kila kipande kipya lazima kishikamane na vilivyokwisha kushonwa kwa mstari mmoja ulionyooka, unaopita kutoka ukingo hadi ukingo. Mbunifu anapokutana na mahali ambapo mistari mitatu inakutana katikati ya umbo, hawezi kuendelea. Anaigawa picha sehemu mbili au tatu, kila moja na karatasi yake, zije kuunganishwa baadaye. Kwa hiyo anayechora nyota ngumu amekwisha kuivunja kichwani, akajua ni mwale gani utangulie na upi usubiri, kabla hajaandika namba moja. Mshonaji anayeufuata mpangilio huo anapita njia ile ile ya fikra, hatua kwa hatua. Kufika namba tisa na kugundua kwa nini haikuweza kuwa namba nne ni furaha ambayo sijaipata katika ushonaji wa aina nyingine.

Mbinu yenyewe ni ya watu wa hali ya chini zaidi kuliko sura yake inavyoonyesha. Kusini mwa Marekani washonaji walishona mabaki membamba ya vitambaa juu ya kurasa za magazeti, wakapata miraba iliyo sawa kutoka kwa vipande visivyolingana hata viwili. Mashine za kunakili zilipoenea, mtu aliweza kupata karatasi kumi zilizo sawa sawa kwa dakika chache, na vitabu kama cha Carol Doak wa Marekani, kilichotoka mwaka 1994, vikaifikisha kazi hii kwa watu wasiowahi kuishika.

Kuna njia nyingine ya karatasi iliyo ya zamani zaidi, na hii haihitaji cherehani kabisa. Kila kiraka hukatiwa karatasi ngumu ya ukubwa kamili, kitambaa kikakunjwa kuizunguka na kupigwa bandi. Viraka viwili huwekwa uso kwa uso na kuunganishwa ukingoni kwa mishono midogo ya kuzungushia, sindano ikiokota nyuzi mbili tatu za kitambaa bila kuigusa karatasi. Kiraka kikishazungukwa na wenzake pande zote, karatasi hutolewa na kutumika tena. Wazee walitumia walichonacho: barua, daftari za hesabu, magazeti. Pale ambapo karatasi hazikutolewa, watafiti huzisoma leo na kujua kwamba sehemu hiyo haiwezi kuwa ya zamani kuliko tarehe iliyoandikwa humo. Chama cha washonaji wa mifarishi cha Uingereza kinahifadhi tandiko la hariri lililoshonwa kwa karatasi, lenye mwaka 1718 na herufi E na H, na ndilo kongwe kuliko yote ya viraka yenye tarehe yanayojulikana nchini humo. Lina simba, kulungu, ndege na farasi wa pembe moja, vyote vimeundwa kwa vipande vilivyokunjwa juu ya karatasi. Mshonaji huyo hakuanza na pembesita rahisi, hilo ni wazi.

Nikitafuta mtu wa kumwonyesha anayeanza, namwonyesha Lucy Boston. Alizaliwa 1892, akanunua nyumba kongwe ya mawe huko Hemingford Grey, karibu na Cambridge, na akaanza kuchapisha vitabu alipokuwa na miaka zaidi ya 60. Kimojawapo kilimpatia Nishani ya Carnegie. Wakati huo huo alikuwa akishona mifarishi. Maarufu zaidi ni ule wa misalaba, uliojengwa kwa pembesita iliyorefushwa: pembe mbili za digrii 90 na nne za digrii 135. Pembe nne za digrii 90 zinakutana katikati na kuunda msalaba, vipande vingine vinauzunguka, hadi vinatimia 24 katika kila umbo. Hesabu ni nyepesi. Ugumu ni wa jicho. Alichagua kwenye kitambaa cha maua mahali ambapo jani au mstari ungeangukia sawa sawa kwenye kila kimojawapo cha vipande vinne, hivyo chapa zikiungana zinazaa umbo jipya ambalo halikuwamo kwenye kitambaa. Fundi wa pwani anayepanga kanga ili pindo likutane begani na mji ukae katikati ya kifua anaifahamu akili hii vizuri. Na pindo la kanga lenye korosho zinazojirudia lingempa Lucy Boston kazi ya majira mazima ya baridi, pamba yake ikiwa nyepesi vya kutosha kukunjika juu ya karatasi bila kufanya donge.

Siku hizi mlima unaotajwa sana na washonaji wa mkono ni La Passacaglia ya Willyne Hammerstein wa Uholanzi, kutoka kitabu chake cha *Millefiori Quilts*: magurudumu ya nyota, pembetano, pembetatu na misambamba yanayoshikana meno bila kuacha nafasi. Wengi hushauriwa wasubiri hadi wapate uzoefu. Sioni haja ya kusubiri. Gurudumu dogo lina vipande vichache na mshono wa aina moja tu, na linakaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya pochi, tayari kwa foleni ya benki au safari ya basi. Anayelimaliza moja ameshajifunza kila kitu ambacho mfarishi mzima utamwomba afanye.

Nyota ya dira inadai kitu kimoja zaidi, nacho kinakuja mwishoni. Vipande vya miale vikishaungwa kuwa duara kamili, ncha zote zinakutana kitovuni, na kila mshono unaleta robo inchi yake ya ziada mahali pale pale. Unene unapanda, sindano inayumba, na nukta ambayo karatasi iliichora kwa usahihi haipatikani tena. Washonaji wa zamani walilijua hili. Wengi wao waliikomesha miale kabla haijafika katikati na kufunika pengo kwa kiduara cha kitambaa cha rangi moja, kilichokunjwa juu ya karatasi ngumu ya mviringo, kikapigwa pasi, kikashonwa kwa mkono pande zote. Anayeshona dira yake ya kwanza akate kiduara hicho kabla ya kitu kingine chochote, akipime kwenye mchoro, ajue miale yake itaishia wapi.