Nani Agawe Namba

Washa Linux ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu tu ndani ya kompyuta nyingine, kisha chungulia /sys/bus/virtio/devices. Utakuta virtio0, virtio1, virtio2: hii huenda ni kadi ya mtandao, ile diski. Majina yenyewe makavu. Ila fundi aliyeyapanga si wa kupitwa hivi hivi.

Virtio, mfumo wa vifaa vya mashine pepe, ni kazi ya Rusty Russell, na iliingia kwenye Linux 2.6.24, Januari 2008. Muda si mrefu vifaa vyake vikawa na njia tatu za kuunganishwa na mashine pepe: lguest, PCI ya KVM, na mashine kubwa za IBM, s390. Kila njia ilijihesabia vifaa vyake. Hakuna aliyeumia, lakini njia zikiongezeka, ipo siku vifaa viwili vingegombea jina moja. Mwaka huohuo wa 2008 kazi ya kugawa namba ikahamishiwa kwenye faili moja la pamoja, virtio.c, na mistari iliyokuwa ikirudiwa kila njia ikafutwa. Binafsi nayapenda sana marekebisho yanayoacha msimbo mfupi kuliko yalivyoukuta. Kisha likaongezwa neno “virtio” mbele ya namba, maana mtu akifungua /proc/interrupts, orodha ya vifaa vinavyoita prosesa, akakuta “0” tupu, atajuaje ni kitu gani?

Kihesabu kilichogawa namba hizo kilikuwa na ulemavu mmoja: kilijua kupanda tu. Chomoa diski, ichomeke tena, nayo inakuja na namba mpya. Baadaye nafasi yake ikachukuliwa na IDA, mgawaji wa namba wa kerneli (kiini cha Linux), ambaye kila namba ameiwekea biti moja, na huitoa ile ndogo kabisa iliyo wazi.

Sasa namba inarudishwa lini? Hapo ndipo pa kutulia. Kuna fungu la mistari michache mno, unregister_virtio_device. Mstari wa kwanza unainakili namba ya kifaa pembeni. Unaofuata unakiondoa kifaa. Namba hurudishwa kwa IDA mwisho kabisa. Ukiirudisha mapema, kifaa kingine kinaweza kupewa namba ambayo jina lake bado limo ndani ya /sys, na kerneli italikataa jina lililorudiwa. Ukisubiri kifaa kiondoke ndipo ukiulize namba yake, huenda kumbukumbu iliyokibeba imekwishaachiwa. Utakuwa unamsomea marehemu mfukoni. Ndiyo sababu ya kule kunakili, na kando ya mstari huo aliyeuandika ameacha maelezo mafupi kwamba namba inahifadhiwa kwa ajili ya baada ya kifaa kuachiwa.

Upande wa usajili nao umefungwa kwa uangalifu uleule. Kifaa kikipewa namba, halafu hatua ya mbele ikagoma, msimbo unaruka hadi mwisho wa fungu na kuirudisha namba kabla ya kutoa taarifa ya hitilafu. Njia hiyo haipitwi mara nyingi, lakini imejengwa.