Maji Yanayovuta Hewa: Mabomba ya Hodhi la Jeti katika Nyumba ya Mlimani

Hodhi la jeti, yaani beseni kubwa la maji moto ambalo maji yake husukumwa kupitia matundu madogo ya ukutani ili yamkande anayeoga, ni mtoto wa pampu ya kisima, na nasaba hiyo ndiyo inayoeleza vyema jinsi mabomba yake yanavyopaswa kupangwa. Ndugu wa ukoo wa Jacuzzi, waliohamia California kutoka Italia, walitengeneza katika miaka ya 1920 pampu iliyotumia mkondo wa maji wenye kasi kuyavuta maji mengine kutoka kisimani. Baadaye, Candido Jacuzzi alipomtafutia mwanawe nafuu ya baridi yabisi, pampu hiyo ikageuzwa kuwa kifaa cha kutumbukizwa bafuni, na mwaka 1968 Roy Jacuzzi akazijenga jeti ndani ya kuta za beseni lenyewe.

Kilichobadilika ni kile kinachovutwa. Ndani ya jeti maji hupita katika shingo nyembamba iitwayo venturi, ambamo kasi huongezeka na shinikizo hushuka; lita 40 kwa dakika zikipita katika tundu la milimita 10 hufikia kasi ya takriban mita 8.5 kwa sekunde, na shinikizo la pale shingoni likishuka chini ya lile la hewa ya nje, hewa hujiingiza yenyewe kupitia paipu ndogo iliyounganishwa hapo. Jeti iliyo sentimita 40 chini ya uso wa maji huidai hewa ishinde kilopaskali 4 tu, mzigo ambao mkondo wa kasi hiyo huubeba bila taabu. Kwa kuwa pampu ikizimwa maji hupanda ndani ya paipu za hewa hadi usawa wa maji ya hodhi, paipu hizo sharti zipandishwe juu ya usawa huo kabla ya kufika kwenye vali ya hewa iliyo ukingoni.

Mafundi wengine huongeza kipuliza hewa, yaani feni ya umeme inayosukuma hewa kwenye matundu ya sakafuni mwa hodhi, na hapa ndipo kimo cha mahali kinapotia mkono. Mji wa Nyeri, nchini Kenya, uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa katika kimo hicho ni kama kilopaskali 82 badala ya 101 za pwani. Feni huzalisha shinikizo kulingana na uzito wa hewa inayoizungusha, kwa hiyo kipuliza kilichotosha Mombasa hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya msukumo wake kikipelekwa Nyeri, nacho, mnamo Julai yenye ukungu, huyapoza maji ambayo mwenye nyumba ameyalipia kuni au umeme. Venturi, ambayo nguvu yake hutokana na kasi ya maji, haijali kimo kwa kiasi hicho. Pampu, kwa upande wake, huathirika upande wa kuvuta: hewa ya Nyeri haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 8.4 hata kinadharia, ilhali pwani ni mita 10.3, ndiyo maana pampu huwekwa chini ya usawa wa maji ili ijazwe na mteremko.

Paipu ya maji ya milimita 50 hubeba lita 200 kwa dakika, zinazotosha jeti tano, kwa kasi ya mita 1.7 kwa sekunde. Mpango bora ni duara lililofungwa, linaloifikishia kila jeti maji kutoka pande mbili, kwa sababu katika mstari mmoja ulionyooka jeti ya mwisho hupata masazo ya wenzake. Matundu ya kuvuta yawe mawili au zaidi, mbalimbali, yenye vifuniko visivyonasa nywele wala mwili. Marekani iliyafanya mambo ya aina hii kuwa sheria mwaka 2007, baada ya watoto kunaswa chini ya maji.

Jambo moja husahaulika mno wanunuzi wanapoagiza vifaa vya mtumba: pampu ya Marekani hutengenezwa kwa umeme wa hezi 60, na umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo mota huzunguka polepole zaidi, mtiririko hushuka hadi sehemu tano kati ya sita, na msukumo hadi asilimia 69 hivi. Jeti zilizopimwa kwa msukumo kamili hapo hupumua kwa shida.

Kwa nyumba ya mlimani iliyo Gakindu, katika nchi ya vilima ya Mukurwe-ini huko Nyeri, hukumu ni kwamba fedha za kipuliza zinunue pampu ya hezi 50 yenye nguvu ya kutosha, na paipu zote zijaribiwe kwa maji yenye shinikizo kabla fundi hajazifunika kwa saruji.