Walima Alizeti wa Gamondi, Niacheni Nipige Kelele

Mtu wa Singida aliyelala usingizi mzito usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15, 2025, pole yake. Kabla hakujapambazuka, Alphonce Simbu, kijana wa Ikungi na askari wa JWTZ, alikuwa anakimbizana na Mjerumani Amanal Petros kwenye mita za mwisho za marathoni ya dunia kule Tokyo. Wote wakaandikiwa 2:09:48, na ilibidi picha ya mstari wa kumalizia itoe jibu: dhahabu ni ya Simbu, dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo ya dunia yaanze. Watu hawajamaliza kutumiana video, siku yenyewe haijaisha, Singida Black Stars ikaifunga Al Hilal ya Sudan 2-1 pale KMC Complex, Mwenge, ikabeba Kombe la Kagame. Mabao yote mawili, Clatous Chama. Siku moja, mkoa mmoja!

Mimi ni mkazi wa Dodoma, na kwa haki ya ukazi ningepaswa kuandika kuhusu Dodoma Jiji. Walima Zabibu wanisamehe, zamu yao itafika. Ligi Kuu ya msimu wa 2025/26 inafungua pazia wiki hii, ikiwa imechelewa kwa sababu Agosti yote tuliwapa wageni wa CHAN, na kati ya vikosi vyote 16 hakuna kinachonikosesha utulivu kama hiki cha jirani zetu wa kilomita mia mbili na ushee kutoka hapa. Kanda ya Kati tumezoea timu za kupambana zisishuke, na zikizidi sana zinamaliza nafasi ya nne halafu tunapongezana. Hii imesajiliwa ili ibebe vitu. Na imeshabeba kimoja kabla ligi haijaanza.

Kwa asiyefuatilia, historia ya klabu hii inahitaji utulivu kidogo. Ilikuwa Ihefu ya Mbarali, ikahamia Singida, na mwaka 2024 ikavaa jina la Singida Black Stars. Haya, na ile Singida Big Stars ya 2022? Hiyo ni nyingine: ilikuwa DTB, ikawa Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, na sasa ni Fountain Gate, wapo Babati. Ukichanganyikiwa usijali, hata wenye jezi za zamani kabatini wanachanganyikiwa. Kilichobaki pale pale ni mji, upepo, na lile jina la utani la Walima Alizeti.

Msimu uliopita hawa Walima Alizeti walimaliza wa nne wakiwa na pointi 57, tena baada ya benchi kupita mikononi mwa Patrick Aussems, Hamdi Miloud na David Ouma, watatu ndani ya msimu mmoja. Hamdi hata hakukaa, Yanga walimchukua Februari. Pamoja na vurugu hiyo waliwapiga Simba 3-1 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, wakaenda Zanzibar kucheza fainali na Yanga, wakalala 2-0. Timu isiyo na kocha wa kudumu ilifika huko. Msimu huu wa 2025/26 inaanza na Miguel Gamondi.

Gamondi! Muargentina huyu ndiye aliyekuwa kwenye benchi la Yanga siku Simba wanakula tano, Novemba 5, 2023, ile 5-1 ambayo kuna watu mpaka leo ukiitaja wanakumbuka wana safari. Ndiye aliyeipeleka Yanga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya robo karne, wakawapiga CR Belouizdad 4-0, wakafika robo fainali na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya dakika 180 bila bao. Halafu Novemba 2024 akaonyeshwa mlango. Kocha wa aina hiyo akikubali kuja kwenye timu ya mkoani, ujue ana jambo moyoni. Nilipoona jina lake kwa mara ya kwanza nilidhani ni zile taarifa za dirisha la usajili zinazotungwa vijiweni.

Na hakuja peke yake. Hapa ndipo pumzi inapokata.

Khalid Aucho yupo Singida. Rudia taratibu: nahodha wa Uganda Cranes, kiungo mkabaji aliyecheza Yanga tangu 2021, akabeba ubingwa wa ligi misimu minne kati ya misimu minne aliyokaa, anavaa jezi ya Black Stars. Wanamwita Daktari, na ukimtazama yeye peke yake kwa dakika kumi, ukaacha kuufuata mpira, utaelewa. Mpira ukiwa kwa kipa, Aucho ameshageuza shingo mara mbili. Beki wa kati akisita, yeye anateremka katikati ya mabeki, mkono mmoja chini akiomba mpira, mkono wa pili unamwonyesha beki wa pembeni apande. Akipokea, mgongo wake mpana unamziba anayemkaba, wewe unasubiri ageuke kulia, yeye anageukia kushoto, na pasi ndefu imeshatoka. Hafanyi fujo. Hakimbii sana pia, nitalirudia hilo baadaye maana si sifa tupu.

Mbele yake yupo Chama. Mwamba wa Lusaka! Wana-Simba wa umri wangu wanajua walikuwa wapi Desemba 2018, dakika za mwisho dhidi ya Nkana, alipoupiga kwa kisigino na kuipeleka timu hatua ya makundi. Miezi michache baadaye akawafunga AS Vita, Simba ikaenda robo fainali. Akaondoka kwenda RS Berkane, akarudi, kisha mwaka 2024 akavuka barabara kwenda Yanga na kuwapasua watu mioyo. Kule Jangwani hakuwa Chama tuliyemzoea, tuseme ukweli. Alikaa benchi kuliko inavyostahili mguu ule. Wengi tulishamwandikia risala ya kustaafu. Kumbe alikuwa anahitaji timu ya kumwambia kwamba kila kitu kinapita kwako. Kwenye fainali ya Kagame, mbele ya Al Hilal, timu iliyozoea usiku mkubwa wa Ligi ya Mabingwa, mzee huyu wa miaka 34 alifunga mara mbili. Mara mbili!

Ninachokipenda zaidi ni jinsi wawili hawa wanavyokaa kwenye mfumo wa Gamondi. Yule anapenda 4-2-3-1, timu ipande, imbane mpinzani huko huko kwake, mpira ukipatikana uende mbele haraka. Aucho ameishi ndani ya mfumo huo, anaujua kama njia ya kwao. Nickson Kibabage, beki wa kushoto, naye alifundishwa na Gamondi Yanga, na Singida kwake ni kurudi nyumbani. Kwa hiyo kocha hakuanza kufundisha alfabeti mwezi Julai. Amekuta watu wanaosoma, ndiyo maana timu imeundwa kiangazi hiki na Septemba tayari ina kombe.

Pembeni ya Aucho namtaka Emmanuel Keyekeh, Mghana aliyekuwa Samartex kwao, mwenye mapafu ya kukimbia pale ambapo Daktari hatakimbia. Aucho ana miaka 32, na mechi za ligi, kombe la ndani na Shirikisho la Afrika zitapangana kama foleni ya mwendokasi. Akikosekana Aucho, timu hii inashuka ghorofa mbili. Gamondi akimchezesha kila mechi mpaka Desemba, Januari tutalia. Namuomba ampumzishe hata pale mashabiki watakapopiga kelele, pamoja na mimi.

Langoni kuna vita nzuri. Amas Obasogie ametoka Fasil Kenema ya Ethiopia na ameshaitwa Super Eagles ya Nigeria, na Metacha Mnata anamjua Gamondi na anajua presha ya ligi yetu. Yeyote akidaka, sina neno.

Mabeki wa kati wananipa mashaka kidogo. Frank Assinki amekwenda Yanga, na huyo alikuwa ukuta. Yupo Anthony Tra Bi Tra, Muivory Coast mwenye nguvu, yupo Kennedy Juma aliyekomaa Simba. Ni watu wazuri. Lakini timu inayopanda juu kama ya Gamondi inaacha uwanja mkubwa mgongoni, na hapo panahitaji miguu ya mbio kuliko uzoefu. Winga yeyote mwenye kasi atajaribu kupiga mbio huko. Tusubiri tuone.

Sasa namba tisa. Hapa ndipo marafiki zangu wa Simba wananicheka, kwa sababu Jonathan Sowah ni wao sasa. Mghana yule alikuja Januari tu, nusu msimu, akatia kambani mabao 13 ya ligi, mengine kwa hasira kama ana kesi na nyavu. Huwezi kumpoteza mtu wa hivyo ukasema hakuna kilichotokea. Aliyebaki ni Elvis Rupia, na mimi siyo katika wale wanaomdharau. Mkenya huyu alifunga mabao 27 kwenye ligi ya kwao msimu wa 2022/23 akiwa Kenya Police, rekodi ambayo kule haikuwahi kufikiwa kabla yake. Rupia haruki na watu wawili na kuwaacha chini kama Sowah. Yeye anajificha nyuma ya bega la beki, anatokea mpira ukifika. Mshambuliaji wa namna hiyo anaishi kwa mpishi wake, na tangu aje Tanzania hajawahi kuwa na mpishi kama Chama. Pembeni ongeza Marouf Tchakei wa Togo, mtu wa mguu mtamu na mashuti ya mbali, na Muivory Coast Arthur Bada akiingia katikati kwa kasi yake. Mimi nasema Rupia atapita 15 msimu huu. Hifadhini gazeti hili.

Halafu kuna upepo. Ukifika Singida kutoka Dodoma, ukishapita Manyoni na Ikungi, pale wanapouza mafuta ya alizeti kwenye madumu kandokando ya lami, mitambo ya kichwa inabadilika. Mji upo kama mita 1,500 juu ya bahari, na upepo wake hauna adabu. Mpira mrefu unaweza kugeuka angani ukamwacha kipa wa Dar es Salaam ameshika hewa. Uwanja wa LITI, uliokuwa Namfua kabla ya kupewa jina la shujaa wa Wanyaturu anayesimuliwa kuwapiga Wajerumani kwa nyuki, umewaliza wengi. Machi 2025 klabu ikafungua na uwanja wake mpya, Airtel, kwa kucheza na Yanga. Timu ya pasi fupi za chini kama hii, kwenye mji ambao mpira wa juu ni kamari, itawatesa watu.

Ndiyo maana inaniuma kwamba mechi ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika itapigwa Chamazi. Mama wa Singida anayeuza kuku wa kienyeji stendi alistahili kuwaona wapinzani wetu, Rayon Sports ya Rwanda, kwa macho yake bila kupanda basi la kwenda Dar. Jina la Singida liliwahi kufika mashindano haya mwaka 2023, enzi za Fountain Gate, likawatoa JKU na kusimamishwa na Future ya Misri. Klabu hii yenyewe ndiyo kwanza inaingia.

Mechi ya kwanza ni Kigali, Jumamosi hii. Rayon wana mashabiki wanaoimba tangu asubuhi, na Gamondi ana siku chache tu tangu fainali. Sitaki apunguze moto. Langoni Obasogie, kushoto Kibabage, katikati Tra Bi Tra na Kennedy Juma, mbele yao Aucho na Keyekeh, Chama huru kwenda anapotaka, Tchakei pembeni, Rupia mbele. Beki wa kulia na winga wa pili naliachia benchi liwachague, wote waliopo wanacheza. Bao moja la ugenini linanitosha. Nitaiangalia kwenye kibanda umiza hapa Majengo, na nimeshawaambia wenye kibanda kwamba mechi ya Uingereza siku hiyo itasubiri.