Walinzi wa Matumbawe ya Chumbe
Walinzi wa Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa tangu miamba ya magharibi ya kisiwa hicho ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, ni wao, ambao miongoni mwao wamo wavuvi wa zamani wa vijiji jirani, wanaomfundisha mgeni adabu ya bahari. Matumbawe, yaani miamba inayojengwa na viumbe hai wadogo wanaojifanyia mifupa ya chokaa, hukua polepole mno, hivyo teke moja la pezi la kuogelea huweza kuvunja tawi lililochukua miaka kuota. Ndiyo maana mgeni wa Chumbe huelea kwa miwani na mrija wa kupumulia, bila mtungi wa hewa, hashiki kitu, wala haondoki na hata kombe moja. Mkazi wa Makandana, Tukuyu, anayejua kwamba msitu wa Mlima Rungwe, makao ya kipunji, kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, hauingiwi kiholela, hatayaona masharti hayo kuwa mageni. Walinzi hao hawabebi bunduki. Silaha yao ni maelezo, na hilo ndilo la kusifiwa zaidi. Msomaji atakayejaliwa kufika Chumbe na awasikilize kabla hajaingia majini.