Mzunguko mmoja, mita moja: rili ya mputa imetua Ggaba

Sijalala vizuri tangu juzi. Shemeji amerudi kutoka Dubai, na ndani ya begi lake, katikati ya mashuka na marashi ya watu, kulikuwa na boksi langu: rili tatu za Daiwa BG, namba 2500, 4000 na 8000. Najua, BG ilianza kuuzwa 2016, na wavuvi wa Ulaya watasema nimechelewa. Waseme! Mimi nimeishika leo, na mikono bado inanitetemeka.

Nianze na ile 4000, maana ndiyo iliyonipandisha boda kwenda Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kabla jua halijachomoza. Mwili wake ni wa alumini, mweusi wenye mistari ya dhahabu, uzito karibu nusu kilo. Ishike mkononi, ukamue kwa nguvu: haipindi hata kidogo. Rili yangu ya zamani ilikuwa ya plastiki. Siku mputa, yaani sangara, alipovuta kwelikweli, gia ziliachana ndani kwa ndani na mkono ukabaki unazunguka bure kama wa redio mbovu. Hii ni chuma kwa chuma.

Halafu irushe! Kwenye rili za aina hii bobini haizunguki unaporusha. Unafungua waya, na mshipi unaruka duara kwa duara kutoka ukingoni mwa bobini, ndiyo maana hata chambo bandia cha gramu chache kinakwenda mbali. Ukianza kukunja, uwiano wa gia ni 5.7 kwa 1: zungusha mkono mara moja, mshipi wa takriban mita moja umerudi. Mita nzima! Breki inafika kilo 8, na inaachia mshipi kwa ulaini, bila kushtuka.

Lakini sikilizeni, ndugu zangu mnaouliza kila siku "rili gani nzuri?" Mnaanzia mwisho. Anza na chambo, kisha rili ikifuate.

Chukua samaki wa mpira mwenye kichwa cha risasi. Unamwinua kutoka chini, unamwacha ashuke, na mputa humpiga hasa anaposhuka, mshipi ukiwa umelegea. Hapo una nafasi ndogo mno ya kukaza na kuzamisha ndoano. Rili ya polepole itakukosesha. Nilijaribu ng'ambo ya magugu maji: mguso mdogo, mizunguko miwili ya haraka, fimbo ikajikunja. Nilipiga kelele mpaka mwenye mtumbwi akashika kafi kwa hofu. Alikuwa mputa mdogo, hafiki sentimita 50, nikamrudisha ziwani. Furaha ilikuwa ya samaki wa kilo 50!

Kijiko cha fedha ni habari nyingine. Chenyewe kinaigiza mukene, wale dagaa wadogo, na kinataka mwendo mmoja usiokatika, wa wastani. Mputa wadogo hula uduvi na mukene, kwa hiyo chambo kidogo ndicho chakula chao hasa. Hapa ile 2500 ni tamu kupita maelezo: nyepesi, inakunja kama sentimita 84 kwa mzunguko, na mkono hauchoki hadi mchana. Rafiki zangu wa Kenya wanaofuata bass weusi wa Naivasha, wale walioletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, hawahitaji kubwa zaidi ya hiyo.

Sasa lawama, nisije nikaonekana nimelipwa. Chambo cha kuzama sana, chenye ule mdomo mpana mbele, kinasukuma maji mengi. Kukivuta kwa gia ya 5.7 ni kama boda yenye abiria wawili inayopanda kilima cha Muyenga kwa gia ya nne: inakwenda, ila inalia. Baada ya nusu saa kiwiko kiliniuma. Kwa chambo cha namna hiyo ningetaka rili yenye gia nzito, ya 4.8 au hapo karibu, inayovuta polepole kwa nguvu. Hiyo haikuwemo ndani ya boksi.

Na ile 8000? Nimeiweka mezani naitazama tu. Breki kilo 15! Hii si ya Ggaba, ni ya Murchison, chini ya maporomoko, ambako unasimama juu ya mawe na mputa akishikwa anauchukua mkondo wa Nile na kuondoka nao. Rekodi ya dunia ya samaki huyu ni kilo 104.32, aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Binamu yake ni baramundi wa Australia, kwa hiyo vyambo vikubwa vilivyotengenezwa kwa baramundi mputa naye anavijua kwa njaa ileile. Nimeshaagiza viwili. Mke wangu hajui.

Tulipokuwa tunarudi, mwenye mtumbwi, mzee aliyetega nyavu maisha yake yote, aliniomba ajaribu. "Ssebo, lete kidogo." Akazungusha mkono bila kurusha kitu, taratibu, sikio karibu na bobini. Akazungusha tena. Tulifika ufukweni, wachuuzi wakaanza kutuita, na rili yangu bado iko mkononi mwake.